Pindua, Angalia, Panga

Katika miaka kumi na saba niliyomjua, Mama Viti nilimwona ameketi kwenye kiti mara moja tu, na hiyo mara moja nitaifikia. Alikuwa na viti mia tatu na ishirini. Idadi hiyo naijua kwa sababu nilivihesabu mimi, na mimi kila kitu nakihesabu mara mbili, ya kwanza kwa macho, ya pili kwa kidole. Vyote vilikuwa vya plastiki, vyeupe, vyenye mikono. Mwenyewe alikalia kreti ya soda iliyopinduliwa, mlangoni mwa stoo yake kule Ruiru, chini karibu na mto, miguu ameinyoosha kama mtu aliyeikodi dunia nzima kwa siku moja.

"Mama, viti vyote hivi na wewe unakalia kreti?"

"Kwani mwenye bucha hulala juu ya nyama?"

Ndivyo alivyokuwa. Ukimuuliza swali anakuuliza lingine, na ukienda nyumbani ni lake unaloenda nalo.

Alikodisha viti na tenti. Harusi, matanga, siku za kupeleka mahari, mikutano ya vyama vya akina mama, shukrani za mtoto aliyefaulu mtihani na za mtoto aliyefeli lakini akarudi nyumbani salama. Viti vyake vilikwenda Kimbo, vikaenda Gatongora, vikapanda hadi Wendani kwa wanafunzi na hadi Thika kwa watu wenye mapaa ya vigae. Kama umewahi kuoa au kuzika upande huu, umekalia kiti chake. Kama hujaoa wala kuzika, subiri.

Mimi nilimjua kwa msiba. Mama yangu alikuwa amefariki, nami nilikwenda kubishana, kwa sababu nauza mitumba sokoni, na kwangu kuchukua kitu bila kubishana ni kama kula bila kunawa. Nikamwambia nataka viti sitini.

"Mama yako alikuwa anauza nini?"

"Maziwa. Nyumba kwa nyumba."

"Miaka mingapi?"

"Ishirini hivi."

"Basi si sitini. Ni mia."

"Mama, nimehesabu mara mbili. Jamaa, majirani, watu wa kanisa. Sitini."

"Wewe umehesabu unaowajua wewe."

Alileta mia na kunitoza sitini, akasema hivyo arobaini ni vya kunifunza adabu. Siku ya mazishi nilisimama nyuma nikihesabu. Viti vyote mia vilijaa, na watu kumi na wawili walikaa kwenye nyasi, watu nisiowajua kabisa, wote waliokuwa wamekunywa maziwa ya mama yangu. Kesho yake nilirudi kumwambia kwamba alikuwa amekosea kwa kumi na wawili. Alicheka hadi akainuka kwenye kreti.

"Haiya! Mama yako hajalala kaburini siku mbili na wewe unahesabu nyasi. Wewe unafaa kunihesabia viti."

Tangu hapo, kila Jumamosi asubuhi na jioni, nilimwachia mke wangu nguo na kwenda kuhesabu viti vikipakiwa kwenye pikapu na vikishushwa. Malipo yangu yalikuwa chai na ubishi, vyote na tangawizi ya kutosha. Yeye mwenyewe hakuhesabu. Aliangalia tu mzigo kwa jicho moja, jingine likiwa barabarani akitazama wapita njia, akasema, "Hapo kimepungua kimoja." Nahesabu, nahesabu tena, na kweli kimepungua kimoja. Jambo hilo lilinikera miaka yote kumi na saba.

Ubahili wake ulikuwa na sheria zake. Bei yake ilikuwa moja, na ukijaribu kuishusha alisema, "Hiyo bei nimeshauambia mdomo, sasa nikiubadilishia utaniona mwongo." Lakini matanga ya mtoto mdogo hakuyatoza. Hakusema ni bure, alisahau tu. Mtu akija kumkumbusha, alimfokea kwa nini anamsumbua akiwa na kazi. Mimi, ambaye sijawahi kumwona akisahau hata kiti kimoja, nilijifunza kunyamaza.

Jambo jingine: alikuwa hapendi sherehe. Alifika kabla ya watu na kurudi wakati wa maombi ya kufunga. "Harusi nimezipangia viti kushinda mchungaji yeyote," aliniambia, "na bibi harusi sijawahi kumwona uso. Nawajua kwa migongo tu." Na mto aliuchukia. Kila asubuhi, akifungua stoo, aliusalimia kwa sauti ya mtu anayemsalimia jirani aliyemuuzia ng'ombe mgonjwa: "Umeamkaje wewe?" Kisha akaupa mgongo.

Sasa niseme juu ya duara. Chini ya kila kiti alikuwa ametia duara la rangi nyekundu, ukubwa wa kifuniko cha soda. Harusi kubwa hukodi viti kwa watu wawili au watatu, na jioni ikifika viti vyeupe hufanana kama mayai. Wakodishaji wengine hutuma wafanyakazi wapindue kiti kimoja kimoja wakitafuta alama yao. Mama Viti aliuona huo ni ujinga. Kama watu mia mbili wamekalia viti mia mbili, kwa nini wafanyakazi wawili wavunjike mgongo? Kwa hiyo sherehe ikiisha, amina ya mwisho ikiwa bado hewani, alisimama mbele na kuita maneno yake matatu:

"Pindua! Angalia! Panga!"

Na kila mtu alikipindua kiti chake miguu juu, akaangalia kama kina duara na kama hakijapasuka, kisha akakipeleka kwenye nguzo. Nguzo moja, viti kumi. Aliwafunza watu hivyo harusi kwa harusi, kaburi kwa kaburi, mpaka ikawa ni sehemu ya ibada. Watoto wa Kimbo waliyajua maneno hayo kabla ya kuijua Baba Yetu. Siku moja mheshimiwa fulani alimaliza kuhutubia matanga na kuanza kuelekea gari lake, walinzi mbele na nyuma. Mama Viti alisimama njiani, kimo chake kikiishia kwenye tai ya mheshimiwa.

"Mheshimiwa, kiti."

"Kiti gani, mama?"

"Ulichokalia. Hakiwezi kujipindua."

Mheshimiwa alirudi, akapindua, akaangalia, akapanga. Alipigiwa makofi ambayo hotuba yake haikuyapata. Nilipomuuliza Mama Viti kama hakuogopa, alinijibu maneno niliyoyasikia kwake mara nyingi kuliko salamu: "Mtu humjui akiwa ameketi. Akiketi kila mtu ni mtu mzuri. Mngoje ainuke."

Nimeyataja haya yote kwanza kwa sababu bila hayo huwezi kuelewa yaliyotokea mwaka wa mafuriko.

Mvua ilinyesha wiki nzima bila kupumzika hata kupiga mluzi. Jumapili, saa nne asubuhi, watu wakiwa kanisani, mto ulipanda na kuingia stoo kwa ukuta wa nyuma. Nilipofika mbio, nikiwa bado na suti ya kanisa, nilimkuta amesimama juu barabarani ameshika kreti yake ya soda kifuani.

"Katika vitu vyote, Mama, umeokoa kreti?"

"Ndiyo niliyokuwa nimekalia."

Chini yetu viti vilikuwa vinatoka kwenye ukuta uliobomoka, kimoja kimoja, miguu juu, na kuelea kuelekea darajani kwa utaratibu kana kwamba kuna aliyeviita. Watu waliingia majini hadi kiunoni wakivivua kama samaki, nasi tukawapigia makofi. Ilituchukua karibu saa nzima kugundua kwamba waliokuwa wanavua hawakuwa wanarudi. Mchana hawakungoja tena maji yawaletee. Walivunja mlango wa mbele, wakachukua na vile vya juu ambavyo havikuwa vimelowa. Mama mmoja alipita mbele yetu na vitano kichwani, akasimama kabisa, akatusalimia.

"Poleni sana kwa hasara, jamani."

"Tushapoa," akajibu Mama Viti. "Shika vizuri hicho cha juu, kitakuangukia."

Mto ulikula chake, na sitaki kuusingizia, labda themanini. Vingine vilichukuliwa na watu, na watu hawawezi hata kusema walisukumwa na mvua. Maji yaliposhuka nilihesabu vilivyobaki chini ya mabati yaliyoanguka. Kumi na vinne. Nikahesabu tena kwa kidole. Kumi na vinne. Wiki ya kwanza watu waungwana wakarudisha arobaini na kimoja, wakiwa na matope na aibu ndogo ya kuchelewa. Viwili kati ya hivyo vilitoka kwangu. Mke wangu alikuwa amevivua karibu na daraja. Nilikaa navyo siku tatu kabla ya kuvibeba. Nilichokuwa nafikiri siku hizo tatu sitakisema, ila niseme tu kwamba siku ya pili niliulizia bei ya msasa.

Mama Viti alivipokea, akanitazama, akasema, "Siku tatu. Nilikuwa nimekupa nne."

Tenti zilikuwa salama kwa fundi cherehani kule Thika. Lakini tenti bila viti ni mwavuli tu, na Jumamosi ya wiki ya tatu kulikuwa na harusi. Binti wa mama mboga wa steji ya matatu ya Kimbo alikuwa anaolewa, na mama mboga alikuwa ameahidiwa viti mia mbili. Tulikuwa na hamsini na vitano. Na kule barabara kuu kulikuwa na kampuni mpya yenye viti vya kuvalishwa nguo nyeupe na utepe mgongoni, ambayo ilikuwa imengoja miaka mingi Mama Viti ateleze mara moja. Mama Viti hakuwa amewahi kukosa sherehe. Mkodishaji wa viti akikosa harusi moja, habari hufika kila kanisa kabla ya keki kukatwa.

Mama mboga alikuja mwenyewe, kanga yake imejaa majani ya sukuma.

"Mama Viti, wale wa barabara kuu wamenipigia simu. Wanasema wako na viti vya kuvaa nguo."

"Ukawaambia nini?"

"Nimewaambia kiti kikivaa nguo kuna kitu kinaficha. Lakini sema na mimi ukweli kama dada yangu. Uko navyo mia mbili?"

"Niliahidi mia mbili."

"Uliahidi kabla ya mto."

"Mto haukuwepo tukipatana." Mama Viti akakwaruza matope kwenye kreti kwa ukucha. "Nipe mpaka Jumatatu ya wiki ya harusi. Nikikosa, chukua hivyo vyenye nguo, na mimi nifunge hii stoo. Sitakuwa mtu wa kuomba msamaha matangani."

Mama mboga aliondoka akijipangusa macho, akisingizia vitunguu ambavyo hakuwa navyo.

Ushauri ulikuwa mwingi. Mmoja alisema aende polisi. Mwingine alisema mchungaji awalaani wezi madhabahuni. Fundi wa baiskeli alijitolea kuleta mganga anayetuma nyuki wamfuate mwizi mpaka alete mali kwa mikono yake. Mama Viti alikataa yote. Polisi, alisema, watahitaji viti vya kukalia wakiandika. Laana humpata na mke ambaye hakubeba. Na nyuki hawawezi kutofautisha aliyeiba na aliyeuziwa.

Mimi nilikwenda kunyolewa. Kinyozi wa Kimbo ni kijana mcheshi aliyenyoa nusu ya vichwa vya mtaa, na miaka yote wateja wake walingoja kwenye ubao mrefu. Siku hiyo kulikuwa na viti vitatu vyeupe vyenye mikono.

"Umepanda daraja," nikamwambia.

"Ah, buda, biashara ni kukua. Keti, keti."

Niliketi. Alipogeuka kuchukua mashine nilipeleka kidole chini ya kiti. Hakukuwa na utelezi wa rangi. Palikuwa na kidonda, duara la plastiki lililokwaruzwa kwa msasa mpaka likawa na manyoya kama ulimi wa ng'ombe. Nikakohoa, nikahamia cha pili. Nikahamia cha tatu.

"Buda, mbona hutulii? Una mchwa?"

"Natafuta penye jua," nikasema. Tulikuwa ndani ya nyumba.

Nilimletea Mama Viti habari hizo kichwa kikiwa kimenyolewa upande mmoja vizuri kuliko mwingine. Nilidhani atahuzunika. Alishika kidole changu kama kwamba bado kina ushahidi.

"Vyote vitatu vimekwaruzwa?"

"Vyote. Rangi imeisha kabisa. Huwezi kuthibitisha kitu."

Alianza kucheka, kwanza kwa mabega.

"Wee, hesabu unajua lakini akili uliiacha sokoni. Rangi yangu kila mtu angeweza kusema ni ya kwake, amepaka mwenyewe. Sasa kiti cha mtu aliyenunua dukani, kwa nini kikwaruzwe hapo chini, katikati, duara? Wamenitilia alama upya, na safari hii hata mvua haiwezi kuitoa."

"Na utavipindua vipi? Utaingia nyumba kwa nyumba?"

Akauliza lake. "Nyumba yako ina viti gani?"

"Sofa."

"Ya jirani yako?"

"Sofa. Na vitambaa."

"Ukiambiwa uende na kiti mahali, utabeba sofa?"

Jumapili iliyofuata ilitangazwa kanisani, na wa bodaboda wakatumwa kuisambaza kuanzia Kimbo mpaka Gatongora: Mama Viti anamshukuru Mungu kwa uhai. Mbuzi wanne, mukimo, supu ya kutosha. Uwanja wa kanisa, baada ya ibada, Jumapili inayotangulia harusi. Na kwa kuwa mto umemaliza viti vyake, anaomba kila mtu aje na chake.

Nilimwambia hawatakuja. Mtu mwenye akili timamu hawezi kubeba kiti cha wizi akakipeleke kwa mwenyewe.

"Wameshakisafisha," akasema. "Mtu akishasafisha kitu, anakisahau. Na kuna mbuzi."

Walikuja. Nilisimama langoni nikiwaona wanavyopanda kutoka kila upande, viti vichwani, viti mabegani, viti nyuma ya pikipiki vinne vinne. Wachache walikuja na stuli, mzee mmoja na ndoo, mwingine na tairi. Wengine wote, vyeupe vyenye mikono. Yule mama wa vitano alikuja na watoto wake wanne, na kila mmoja na chake. Kinyozi alikuja na kile chenye jua. Wanafunzi sita walishuka kutoka Wendani na viti sita, walivyouziwa kwa bei ambayo hata mimi ingenitia wasiwasi. Nilihesabu vyeupe wakila. Mia moja sabini na kimoja. Nikarudia kwa kidole mfukoni, nisionekane.

Mbuzi waliliwa mpaka wakabaki jina. Mchungaji alishukuru, watu wakasema amina. Na hapo, amina ikiwa bado hewani, Mama Viti alisimama mbele, kama alivyosimama mbele ya kila harusi na kila kaburi letu.

"Pindua!"

Sijui kama nitawahi kuona tena kitu kama hicho. Hakuna aliyefikiri. Miguu iliinuka yenyewe, mikono ikashika, na viti mia moja na sabini na kimoja vikapinduka miguu juu kwa mara moja, kwa sauti moja, kama ndege waliostuliwa mahindini.

"Angalia!"

Wakaangalia. Jua la saa nane lilikuwa limewaka. Kila mtu alikuwa ameinama juu ya duara lililokwaruzwa, na akiinua macho aliona la jirani yake, na la mbele yake, na la nyuma yake. Watu wanane tu, ambao viti vyao vilikuwa laini, walivishika juu kama kombe la mpira.

Mama Viti hakusema neno la tatu. Aliliacha. Nilihesabu moyoni nikafika ishirini. Nilikuwa nafikiria ile stoo imefungwa, ile kreti kando ya barabara bila mtu.

Kinyozi ndiye aliyesogea. Alitembea mpaka mbele, mahali ambapo nguzo huanzia, kiti mkononi, uso wake umebadilika rangi.

"Mathe," akasema. "Nguzo bado ni ya kumi kumi?"

"Bado."

Akakiweka. Akarudi nyuma, akasimama kando yake kama mlinzi. Yule mama wa vitano akamfuata na watoto wake, wakapanga kimoja juu ya kingine kwa urefu wao. Kisha wanafunzi, wakilalamika kwa Kiingereza. Kisha kila mtu. Nguzo zilipanda, mbili, tano, tisa, kumi na tano. Mtu mmoja kule nyuma alianza kuimba, akina mama wakamjibu kwa vigelegele, na sijui ni aibu au ni nyama, lakini watu walipanga viti vile wakicheka, wakisukumana, wakitaniana: "Wewe msasa ulinunua wapi?" "Kwani hukuniazima wewe?"

Nilihesabu. Mia moja sitini na vitatu. Ukiongeza hamsini na vitano vyetu, mia mbili kumi na vinane. Nilihesabu tena kwa kidole, wazi, mbele ya watu, na mama mboga alikuwa nyuma yangu akihesabu pamoja nami kwa sauti. Tulipopita mia mbili alitupa kanga yake juu.

Mama Viti aliinua mkono, watu wakatulia.

"Asanteni kwa kunibebea," akasema. "Mmeniokolea safari nyingi za pikapu. Sasa nendeni, supu imeisha."

Hayo tu. Neno mwizi halikutoka kinywani mwake siku hiyo wala siku nyingine. Watu waliteremka kwao wameshiba, mikono mitupu.

Harusi ilifanyika. Nilimwambia tuvipake rangi juu ya yale makovu, akakataa; akatia duara jipya jekundu pembeni ya kila kovu, vyote viwili vionekane. Wa barabara kuu walikuja kama wageni, kuona tutakavyoaibika, na jioni walipindua, wakaangalia, wakapanga kama watu wengine.

Na havikukoma. Wiki zilizofuata kila asubuhi nilikuta viti mlangoni mwa stoo, viwili, vitatu, kimoja chenye mguu uliofungwa kwa waya. Vingine havikuwa na kovu wala duara. Viwili vilikuwa bado na karatasi ya dukani. Vilipoacha kuja nilihesabu, nikahesabu, nikaenda kunywa chai, nikarudi kuhesabu mara ya tatu, kitu ambacho sijawahi kukifanya maishani. Mia tatu ishirini na sita. Mto haukurudisha hata kimoja. Ruiru ilirudisha ilivyoiba, ikalipia vilivyoibwa na mto, kisha ikaongeza sita.

"Hivi sita ni vya nani?" nikamuuliza.

"Vya mtu aliyeinuka," akasema, akarudi kwenye kreti yake.

Magoti yalimshinda miaka michache baadaye. Alimwachia mama mboga viti, tenti na maneno matatu, akahamia Thika kwa binti yake. Mwaka jana watu walikuja kwangu Gatongora kumposa binti yangu. Nilikodi viti mia moja na hamsini. Nilikuwa nimehesabu wageni mara mbili.

Saa saba, watu wote wakiwa wameketi na wazee wameanza kusafisha koo, aliingia langoni na fimbo, mdogo kuliko nilivyomkumbuka, bila kutarajiwa. Niliangalia tenti nzima. Hakuna kiti. Alikuwa wa mia moja hamsini na moja.

"Umehesabu unaowajua wewe," akaniambia.

Nilikimbia nyuma ya nyumba nikaleta kreti ya soda, nikaipindua, nikaipangusa kwa mkono wa koti langu jipya. Aliitazama, kisha akanitazama.

"Wee. Mimi leo ni mgeni."

Ndipo kinyozi, ambaye siku hizi ana kitambi na vinyozi wanne chini yake, aliinuka katika safu ya tatu na kumletea kiti chake. Mama Viti alikipokea. Akakipindua. Akaangalia kovu, na duara pembeni yake, akapapasa yote mawili kwa kidole gumba, polepole. Lakini hakukipanga. Alikirudisha miguu chini, akakikalia, akaegemea, akanyoosha miguu.

Nilipogeuka niwaombe watu tuendelee, niliona safu ya tatu yote imesimama. Kisha ya pili. Kisha ya nyuma, na wakwe zangu ambao hawakumjua, wakasimama kwa kuwa wengine wamesimama. Nilihesabu. Nikahesabu tena kwa kidole. Watu mia moja na hamsini, na aliyekuwa ameketi alikuwa mmoja tu.